Maji Niliyomchemshia

Ningesema hapana Jumapili ile, nisingekuwa na haya ya kuandika. Nilisema ndiyo, tena nikiwa nimeshiba.

Tulikuwa kwenye sengu, nyumbani kwangu, baada ya misa. Sisi Wamatengo tulirithi desturi hiyo: wanaume wa ukoo mmoja hukusanyika kwa mkubwa wao, kila nyumba huleta chakula chake, mnakula pamoja bila kuulizana ugali huu umetoka jiko la nani, na mkishanawa mikono ndipo mambo yanazungumzwa. Zamani ilikuwa kila jioni. Siku hizi vijana wana simu zao, na sisi tumebakiwa na Jumapili. Mkubwa wa ukoo ni mimi, mtoto wa nyumba kubwa, tangu baba alipofariki. Juu ya hilo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji chetu, huku upande wa Mkumbi, na nilimaliza kidato cha nne enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu. Kwa hiyo nilipofungua mdomo watu walinyamaza, na nilikuwa nimezoea kunyamaziwa.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta jambo. Yeye na majirani wachache walikuwa wamenunua mashine ya kumenyea kahawa mbivu, wakachoka kuibebea maji kwa ndoo. Alitaka kuziba kijito kinachopita bondeni, chini ya mlima wetu, lipatikane bwawa. Maji ya kuoshea kahawa yapatikane hapo, samaki wafugwe hapo, na, hapa akanigeukia, maji ya bomba yatoke hapo wakati wa kiangazi. Kweli chemchemi yetu ya juu ilikuwa inatutia aibu. Ukifika mwezi wa nane bomba linakohoa, ukifika wa kumi limekufa, na akina mama wanavuka mgongo wa mlima kwenda kuteka kijito cha upande wa pili, maana cha bondeni nacho hubaki uzi tu.

"Kaka, kamati ni wewe," alisema. "Ukisema ndiyo, kesho tunaingia na majembe."

Baba mdogo wetu, ambaye alikuwa bado hai, aliuliza maji machafu ya kahawa yatakwenda wapi. Mdogo wangu akajibu kwamba watachimba shimo pembeni, yatazama humo humo ardhini. Baba mdogo akasema ardhi nayo ina mteremko kama sisi. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Nilijua harufu ya maji ya kahawa yaliyolala. Nilijua pia kwamba shamba lililo juu ya bonde lile, shamba langu, halikuwa tena la ngolo. Ngolo ni mashimo tunayochimba kwenye miteremko, mistari kwa mistari, nyasi zikifukiwa kwenye kuta zake, ili mvua ikinyesha maji yatulie shimoni na udongo usishuke. Ni kazi ya mgongo. Mgongo wangu ulipoanza kulalamika niliacha ngolo, nikapiga matuta na kununua mbolea ya chumvichumvi kama wanavyofanya watu wa tambarare. Kwa hiyo swali la baba mdogo lilikuwa linanihusu mimi kuliko mdogo wangu. Nililiacha lipite.

Kwa nini nilikubali? Nimejiuliza sana. Sikutaka ionekane ninamwonea wivu mdogo wangu kwa mashine yake. Nilipenda kuombwa mbele za watu. Na kweli, nilikuwa ninamfikiria mke wangu, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba, akivuka mlima na ndoo kichwani. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa ninaitaja kila nilipoulizwa, na ndiyo inayoniuma zaidi sasa.

Nikasema ndiyo.

Mke wangu alikuwa mtu wa ziwani. Kwao ni chini, karibu na Mbamba Bay, familia ya Kianglikana ya wavuvi na muhogo, na alipoolewa nami akapanda huku kwenye baridi na Ukatoliki, hakuacha kunitania maisha yetu yote. Alisema sisi wa mlimani tunaogopa maji kama paka, kwamba tunaoga kwa kikombe, kwamba samaki wetu wote wamekuja kwa gari. Alipoliona bwawa limejaa, alisimama kwenye tuta la udongo, mikono kiunoni, akalitazama kama mtu anayekagua mahari.

"Basi mmenijengea ziwa," alisema. "Dogo, lakini nimepokea."

Watu wa huku tumezoea maji yanayotoka ardhini yakikimbia. Hata mtoto anajua kwamba maji yaliyosimama si ya kunywa. Watu wa ziwani wamekunywa maji yaliyosimama tangu wamezaliwa, kwa sababu ziwa zima limesimama na halijawadhuru. Wengine wote wa kitongoji walikuwa na shaka kidogo na bwawa. Mke wangu hakuwa nayo. Alisema maji ni maji, mradi yawe mengi.

Mwaka wa kwanza bwawa lilitutendea mema. Perege walikua. Bomba lilitoa maji kiangazi chote, mlangoni mwa jiko letu, na magoti ya mke wangu yakapumzika. Alikuwa akiosha vyombo huku anaimba nyimbo za kanisani kwao, na mimi ndani nikisikiliza nilijiona nimefanya jambo la maana.

Mwaka wa pili kahawa ilizaa mno. Mashine ilisaga mchana kutwa, na shimo la maji machafu lilijaa, likafurika, likachimbwa jingine karibu zaidi na bwawa kwa sababu huko ndiko udongo ulikuwa laini. Halafu mwezi wa kumi ikanyesha mvua moja ya kudanganya. Ilikuja kwa kishindo, ikashuka na udongo wa matuta yangu na mbolea niliyokuwa nimeweka mapema, ikaondoka isirudi. Jua likawaka wiki baada ya wiki. Bonde letu halina upepo. Bwawa likakaa kimya, likipashwa moto.

Kijani kile nilikuwa sijawahi kukiona majini. Hakikuwa kijani cha mwani ule unaoteleza kwenye mawe ya mtoni. Ilikuwa kana kwamba mtu amemwaga kopo la rangi ya mlango, ikatandaa, ikawa nzito upande mmoja na kuacha michirizi upande mwingine. Asubuhi utando ulikuwa juu. Ukiuchovya kidole, kidole kinatoka kimepakwa. Kwenye mawe ya ukingoni ulikokaukia, rangi ilibadilika ikawa buluu, ile ile ya kufulia mashati meupe. Na harufu: nyasi zilizooza ndani ya ghala lenye unyevu.

Mdogo wangu alifurahi. Alisema perege wanakula kile kitu, ni uji wao. Baada ya siku chache perege walianza kuelea, matumbo juu. Bata wa jirani walikufa ukingoni. Kisha ndama mmoja alikunywa pale asubuhi, jioni akawa anatetemeka, akafa kabla mwenye ndama hajapata mtu wa mifugo.

Neno lililotembea kitongojini lilikuwa sumu. Si sumu ya maji yenyewe, hapana. Sumu ya mtu. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na jirani aliyepinga bwawa tangu mwanzo, na watu wakasema amemwaga dawa ya kupulizia kahawa. Watoto wakaacha kumwamkia. Mimi sikuamini, lakini sikusema kwamba siamini. Ilikuwa rahisi kwangu kosa likikaa kwake kuliko kurudi bondeni kututafuta sisi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama kanisani. Niliwaambia watu wasitupiane maneno, na niliwaambia kwamba maji hayana shida ikiwa yatachujwa na kuchemshwa. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Shuleni tulifundishwa hivyo, zahanati walituambia hivyo miaka yote ya kipindupindu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia wengine hivyo mara nyingi kwenye mikutano ya kamati: moto hauachi kitu. Akina mama walisikiliza, wakaitikia, wakaenda nyumbani, wakanusa ndoo zao, na kesho yake walionekana mstari mrefu wakivuka mgongo wa mlima kwenda kijito cha pili.

Niliuona mstari ule nikasema moyoni, ujinga. Nyumba yangu haikutuma mtu kule. Ingekuwaje mwenyekiti aseme kanisani maji yanafaa, halafu mke wake aonekane na ndoo nyuma ya wale wanaokataa? Hakuna aliyenizuia kumpelekea maji kutoka kule. Nilijizuia mwenyewe.

Nami nikachukua kazi ya kuchemsha. Watoto wetu wote wako mbali, Songea na Dar es Salaam, na nyumbani tulikuwa wawili. Nilikinga maji bombani, nikayachuja kwa khanga iliyokunjwa mara nyingi, nikayaweka kwenye sufuria kubwa ya harusi, nikakoka moto. Yalipoanza kuchemka povu la kijani lilipanda, nikaliengua kwa kijiko. Niliyaacha yachemke mpaka yamepungua. Niliona kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyozidi kuwa salama. Kisha nikayamimina mtungini yapoe. Yalikuwa bado na rangi hafifu ya majani, na ladha yake ilibaki kooni.

"Mzee," mke wangu aliniuliza siku ya kwanza, kikombe mkononi, "haya umenichemshia au umenipikia mchicha?"

"Kunywa. Yamechemka."

"Basi lete na chumvi."

Alikunywa. Alikunywa kwa sababu nilikuwa nimechemsha mimi, na katika nyumba yetu mwanaume kukaa jikoni kwa ajili yake halikuwa jambo la kila siku.

Tuliharisha wote wawili mwanzoni. Mimi niliacha kuharisha. Yeye aliendelea na kichefuchefu, akaacha kumaliza chakula, akawa analala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya hata alipokuwa na mimba. Alijikuna mikono mpaka ikatoka alama. Zahanati walimpima malaria, hana. Wakampa dawa za taifodi. Mhudumu akamsisitizia anywe maji mengi, ya kuchemsha. Nilitoka pale nimepewa nguvu. Nikaongeza sufuria.

Ninataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo ninaloliona nikifumba macho: kadiri alivyozidi kudhoofika, ndivyo nilivyozidi kumnywesha. Nilikuwa ninakaa naye kitandani na kikombe. Akisema ameshiba maji, ninamwambia kidogo tu, Mama, kidogo tu kwa ajili yangu.

Kisha macho yake yakawa manjano.

Aliwahi kuugua ugonjwa wa manjano akiwa msichana, kule ziwani, na tulidhani umerudi. Akaniomba nimpeleke kwa dada yake akapumzike kwenye joto. Nilimpeleka. Barabara ya kushuka kutoka Mbinga siku hizi ni ya lami, lakini kona hazijapunguzwa, na njia nzima alikuwa ameegemea bega langu amefumba macho. Tulipoifikia ile kona ambapo ziwa linaonekana chini, nilimgusa atazame. Akatazama, akasema, "Hilo ndilo ziwa. Lile lenu ni sufuria."

Nikamwacha kwa shemeji yangu, nikarudi kuangalia nyumba na kahawa.

Alipona. Si kwamba alipona kabisa, lakini nilipopiga simu nilisikia sauti yake imerudi mahali pake. Alikuwa anakula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa kwao ziwani. Macho yalikuwa yanasafishika. Shemeji alisema anatembea mpaka ufukweni na kurudi, na ameanza kugombana na watu, na hiyo ilikuwa dalili nzuri. Mimi nilimshukuru Mungu na hali ya hewa. Nilipoulizwa kitongojini, nilisema joto la ziwani limemsaidia.

Lakini watu hawakuwa wanauliza hali yake tu. Mzee mmoja aliniambia kwa utani, tukiwa tumekaa kwenye baraza la duka, kwamba amesikia hata mke wa mwenyekiti ameyakimbia maji ya mwenyekiti. Wakacheka wote. Nilicheka nao, nikaenda nyumbani, na kesho yake nikapanda basi.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba ya dada yake, akipembua usipa waliokauka. Shemeji aliniamkia, akaniletea maji kwenye bilauri, maji ya ziwa, meupe. Nilikunywa. Nikasema nimekuja kumchukua, nyumba imekuwa kama ghala. Shemeji, ambaye ni mkubwa kwa mke wangu na haogopi mtu, alisema, "Shemeji, mwache hapa mpaka mvua zishike. Maji yenu huko tumeyasikia."

Nikamwuliza ameyasikia kwa nani. Nilisema kwa ukali. Nilijisikia nimetukanwa, mimi na mlima wetu wote. Shemeji akanyanyuka akaenda jikoni, akituacha.

Mke wangu aliendelea kupembua. Halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Hebu fikiri, Mzee. Huku nakunywa maji hayajaona moto, nimepata nafuu. Kwako nakunywa yaliyochemka mpaka sufuria imeungua, naugua."

"Kwa hiyo unasema nakunywesha sumu?"

"Nasema nimepata nafuu."

Palikuwa na nafasi hapo. Ningeweza kukaa kwenye ule mkeka. Ningeweza kusema, basi tusubiri mvua. Jibu lilikuwa mbele yangu limeketi, macho yake karibu meupe, na nililitazama nikafikiri kuhusu baraza la duka. Kama maji yangu ndiyo yaliyomwumiza, basi nilikosea kanisani, na nilikosea kwenye sengu, na yule jirani wa ng'ambo alinyimwa shikamoo bure. Ilikuwa mizigo mingi mno kwa sentensi moja ya mwanamke anayepembua dagaa. Nilimwambia kwamba ni joto. Nilimwambia kwamba sasa ana nguvu atavumilia baridi. Akacheka kidogo puani.

"Twende basi," alisema. "Mtu wa mlimani akiachwa peke yake anakula viazi vibichi."

Shemeji hakutusindikiza mpaka kituoni. Alisimama mlangoni. Nilimwona kwenye kioo cha pikipiki iliyotupeleka.

Bwawa lilikuwa bado kijani. Mvua zilichelewa mwaka ule. Nilianza tena kuchemsha, kwa bidii zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na jambo la kuthibitisha. Safari hii haikuchukua muda. Manjano yalirudi machoni yakashuka mpaka viganjani. Tumbo lilijaa. Alipopiga mswaki fizi zilitoa damu isiyotaka kukoma. Mdogo wangu ndiye aliyeleta gari, akatushusha Mbinga hospitali.

Daktari alisema ni ini. Alisema lilikuwa na kovu la zamani, pengine la ule ugonjwa wa usichana, na kwamba sasa kuna kitu kimelipiga juu ya kovu. Aliuliza pombe. Hakunywa pombe. Aliuliza dawa za kienyeji. Hakuna. Hakuuliza maji, na mimi sikuyataja.

Niliporudi kijijini kuchukua nguo zake, nilikuta gari la serikali bondeni. Kifo cha ndama kilikuwa kimefika wilayani hatimaye, na walikuwa wametuma mtu. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, amevaa glavu na buti, anachota ule utando kwenye chupa. Aliniamkia vizuri. Alisema majibu kamili yatatoka maabara, lakini alikuwa ameshaona maji kama haya mahali pengine na asingeruhusu hata nguruwe ayanywe. Akanieleza. Kile kijani si majani wala rangi. Ni bakteria, wadogo wasioonekana mmoja mmoja, wanaoishi kwa jua kama mimea. Wamo karibu kila mahali, wachache, hawana neno. Lakini maji yakisimama, yakapata joto, yakapata mbolea na uchafu wa kuwalisha, wanazaana mpaka wanafunika maji, na aina nyingine hutengeneza sumu inayoshambulia ini. Aliinua macho akatazama shimo la kahawa, kisha akapandisha macho taratibu kwenye matuta yangu mpaka juu. Mtu yeyote wa Mbinga angeona pale palipopaswa kuwa na ngolo.

"Na yakichemshwa?" niliuliza.

"Kuchemsha kunasaidia kwa vijidudu vya kuhara, baba. Hawa ni tofauti. Sumu imo ndani ya miili yao. Ukiwachemsha wanapasuka, inatoka yote kwenye maji. Moto hauiondoi."

"Hata yakichemka sana? Mpaka yapungue?"

"Yakipungua ni mbaya zaidi. Maji yanakwenda, sumu yenyewe inabaki." Akaacha kufunga chupa. "Nani alikuwa anayanywa, baba?"

Nikasema mke wangu.

Alivua glavu moja, akanishika mkono, kama mtu anavyotoa pole msibani. Hapo nilijua.

Nilifika nyumbani nikaingia jikoni kuchukua khanga. Sufuria ilikuwa jikoni bado, na ndani yake, pale maji yalipokuwa yakikaukia kila siku, kulikuwa na pete ya buluu.

Hospitalini nilimwambia. Sikutaka, lakini nilikuwa nimeubeba uongo muda mrefu na miguu yangu ilikuwa imechoka. Nilimwambia kwamba yalikuwa maji, na kwamba kuchemsha hakukusaidia, kulizidisha. Alikuwa amelala chali, macho ya dhahabu, anapumua kwa taabu. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema, "Basi usiniletee tena."

Sikumwomba msamaha palepale. Nilitaka nipate maneno mazuri, na nilidhani muda upo.

Aliomba maji ya kwao. Nilimpigia simu shemeji, na kesho yake alipanda kutoka ziwani na kidumu kidogo cha maji mapajani. Aliingia wodini, hakunisalimia, akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akamwinua mdogo wake shingo. Mengi yalimwagika kidevuni. Baada ya hapo mke wangu hakusema kitu kilichoeleweka. Aliongea Kinyasa cha utotoni na watu ambao hawakuwapo, akiwaita waje kuvuta wavu. Alifariki huku shemeji amemshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Cheti kinasema ini. Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba ni bwawa peke yake. Kovu lilikuwapo, na mimi nilikunywa maji yale yale na ninaandika haya. Majibu ya maabara yalikuja baada ya mazishi, yakathibitisha alichosema yule binti. Mvua nazo zilikuja, bwawa likawa la kahawia, na wiki chache baadaye mgeni angeweza kusimama pale asione chochote.

Baada ya matanga tulikaa sengu. Chakula kililetwa, watu walikula kidogo. Mdogo wangu alikuwa amekonda. Alisimama, jambo ambalo halifanywi kwenye sengu, akasema bwawa lilikuwa lake, mashine ilikuwa yake, na damu ya shemeji yake iko juu yake. Alikuwa analia. Ningeweza kumwachia. Kitongoji kizima kilikuwa tayari kumwachia.

"Kaa," nilimwambia. "Wewe ulileta ombi. Jibu lilikuwa langu."

Nilienda mwenyewe kwa jirani wa ng'ambo. Alinifungulia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumdai. Uenyekiti niliuacha. Tuta la bwawa tulilivunja kwa majembe, mdogo wangu na mimi, na maji yalipopata njia yalikwenda kwa kelele kana kwamba yalikuwa yakingoja muda wote. Pale juu nimeanza tena kuchimba ngolo, mashimo machache kila msimu, mgongo ukiniruhusu. Bomba letu limerudi kwenye chemchemi, na ukifika mwezi wa nane linakohoa, ukifika wa kumi linakufa, nami huchukua ndoo nikajipanga mstarini pamoja na akina mama, tukavuka mlima. Wananipisha nitangulie kuteka. Sipendi, lakini nimeacha kubishana.

Shemeji hajapanda huku tena. Kidumu chake kiko kwangu. Kila nikipiga simu husema ni mzima, nyumba ni nzima, ziwa ni zima, kisha hunyamaza mpaka nikate mimi.

Watu hunifariji kwamba yule alikuwa mgonjwa tangu utotoni, kwamba siku yake ilifika. Wanasema hivyo kwa wema. Lakini mimi ndiye niliyeulizwa mbele ya ukoo kama kijito kizibwe, na mimi ndiye niliyesema ndiyo. Ndiyo ile ilinigharimu mke wangu. Alikunywa bwawa lile kikombe kwa kikombe kutoka mkononi mwangu, akafa.